Jina la Wi-Fi Husomwa na Jirani

Katika nyumba ya mjini siku hizi kuna kifaa kimoja kinachotaja jina lake usiku na mchana bila kuulizwa, nacho ni ruta. Fungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu ukiwa ghorofani Kariakoo, Kileleshwa au Kikwajuni, majina yatajipanga mbele yako: moja la kiwandani lenye tarakimu zisizosemeka, moja la baba mwenye nyumba, moja linalotangaza keki za harusi, moja linalomtaka mtu fulani apunguze muziki. Hakuna aliyekualika kuyasoma, wala hakuna awezaye kukuzuia.

Wengi huliona jambo hili kuwa la mzaha. Fundi akishafunga faiba huuliza, "Tuiite nani?" na jibu hutoka papo hapo, kabla chai haijapoa. Lakini jina hilo lina tabia ya pekee. Anayelitunga ni mmoja, naye akishaunganisha simu na televisheni yake halitazami tena. Wanaolisoma kila siku ni wengine: wapangaji wa juu na wa chini, wageni wao, watoto wao, mpita njia anayetafuta mtandao wa bure. Kwa hiyo jina la Wi-Fi ni kauli ya hadharani inayotoka ndani ya nyumba ya mtu. Tukilipima kwa kipimo hicho ndipo tutaelewa kwa nini baadhi ya majina huchekesha, mengine huuza, mengine huzua ugomvi, na machache yamewafikisha watu mahakamani.

Baiti 32 tu

Tuanze na chombo chenyewe. Mawasiliano ya Wi-Fi yanafuata kiwango kiitwacho 802.11, kilichotolewa na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 1997. Kiwango hicho kinaupa kila mtandao jina, ambalo mafundi huliita SSID, lisilozidi baiti 32. Herufi ya Kilatini hula baiti moja, kwa hiyo anayeandika Kiswahili cha kawaida ana nafasi ya herufi 32 pamoja na mapengo kati ya maneno. Anayeandika kwa hati ya Kiarabu hubaki na herufi 16 tu, kwa kuwa kila moja hula baiti mbili. Anayependa emoji ataishiwa nafasi baada ya nane, maana emoji ya kawaida hula baiti nne.

Ruta hulirusha jina hilo hewani takriban mara kumi kila sekunde, na tangazo hilo halifichwi kwa namna yoyote. Nywila hulinda mazungumzo yanayopita kwenye mtandao, hailindi jina. Ndiyo maana simu ya mtu asiyejua nywila yako, aliyesimama kwenye ngazi za jengo lenu, inaweza kuonyesha jina la mtandao wako na nguvu ya mawimbi yake.

Hata neno Wi-Fi lenyewe lina asili ya kibiashara. Mwaka 1999 kampuni zilizotaka vifaa vyao vielewane ziliipa kazi Interbrand, kampuni inayotunga majina ya bidhaa, iwatafutie kitu kinachotamkika vizuri kuliko "802.11b". Ikawaletea Wi-Fi, neno ambalo halikuwa kifupi cha chochote. Teknolojia hii, basi, ilianza na jina lililotungwa ili kuuza. Waliokuja baadaye kuzipa ruta zao majina ya biashara wameendeleza kazi iliyokwisha kuanza.

Majina ya kiwandani

Majina mengi kwenye orodha hayakutungwa na yeyote mtaani. Yalikuja na kifaa. Zamani yalikuwa "linksys" na "NETGEAR". Leo ni majina ya TP-Link au Huawei yenye mkia wa tarakimu, jina la kampuni iliyoleta faiba, au STARLINK kwa waliojiunga na huduma hiyo ya setilaiti, iliyoanza Kenya mwaka 2023. Kwa upande wa simu zinazogawa bando, orodha za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hujaa TECNO, Infinix na itel, chapa tatu za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen nchini China. Anayeziangalia anapata hesabu ya haraka ya simu zilizo mifukoni mwa abiria wa basi zima, kwa chapa na toleo.

Jina la namna hii ni tangazo la bure ambalo mtengenezaji amelitundika nyumbani kwako. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba linasema zaidi ya unavyodhani. Anayejua kampuni iliyotengeneza ruta anajua pia pa kuanzia kutafuta kasoro zake. Mwaka 2008 ilibainika kwamba ruta nyingi za Thomson SpeedTouch zilikuwa na nywila iliyokokotolewa kutokana na namba ya kifaa, na jina la mtandao nalo lilitokana na namba ileile. Aliyekuwa na jina aliweza kurudi nyuma kwa hesabu hadi akapata nywila.

Hata pasipo kasoro hiyo, katika ulinzi wa WPA2 wa majumbani jina la mtandao huchanganywa na nywila, na mchanganyiko huo huzungushwa mara 4,096 ili kupata ufunguo. Jina likiwa la kawaida, wadukuzi hawana haja ya kuanza hesabu upya kwa kila nyumba. Walikwisha kutengeneza majedwali ya funguo zilizokokotolewa mapema kwa majina 1,000 yanayotumika zaidi duniani. Jina la pekee huyafanya majedwali hayo yasifae kitu. Hivyo hata asiyependa mzaha wala matangazo ana sababu ya kuliacha jina la kiwandani.

Jina la kiwandani huzua pia mkanganyiko wa 5G. Ruta nyingi hutoa mitandao miwili, mmoja wa gigahezi 2.4 na mwingine wa gigahezi 5, na huu wa pili mara nyingi hupewa mkia wa "_5G". Mkia huo hauhusiani na kizazi cha tano cha mitandao ya simu. Mwaka 2020, uvumi ulipoenea kuhusu minara ya 5G na ugonjwa wa korona, watu waliokuwa na hofu waliweza kulikuta neno hilo kwenye simu zao, limetoka sebuleni kwa jirani.

Utani, na kwa nini hausafiri

Waingereza na Wamarekani wana hazina kubwa ya majina ya kuchekesha, na mengi yanategemea sauti za Kiingereza. "Pretty Fly for a Wi-Fi" limetoka kwenye wimbo wa bendi ya The Offspring wa mwaka 1998. Asiyeujua wimbo huo haoni cha kuchekesha. Jingine maarufu, "FBI Surveillance Van", linacheka kwa kutisha: linamfanya jirani afikiri kwamba gari la makachero limeegeshwa nje. Majina haya yamenakiliwa hadi Mikocheni na Kilimani, na huko yamekuwa kama fulana ya mtumba yenye jina la chuo ambacho mvaaji hajakisikia.

Utani wa Kiswahili una njia zake, na methali ndiyo pana kuliko zote. Methali ni fupi, kila mtu anaijua, na ina sehemu mbili, kiasi kwamba ukitaja ya kwanza msikilizaji anamalizia ya pili mwenyewe. Chukua mtandao wa wageni, ule ambao ruta nyingi zinaruhusu kuutenga na wa familia. Mwenyeji akiuita "Mgeni siku mbili", kila asomaye anajua siku ya tatu kuna nini, na nywila inaweza kuwa jembe lenyewe likiongezewa tarakimu kadhaa. Anayetaka methali nzima naye ana bahati: "MgeniSikuMbiliSikuYaTatuMpeJembe", ikiandikwa bila mapengo, ina herufi 32 kamili, hakuna hata moja ya ziada.

Au tuchukue ile mitandao miwili ya ruta moja. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini hayapenyi kuta vizuri, na ya gigahezi 2.4 ni ya taratibu lakini hufika mpaka chumba cha uani. Wa kwanza ukiitwa "Haraka Haraka" na wa pili "Polepole Ndio Mwendo", utani umekamilika na mgeni ameelekezwa bila maelezo: akikaa sebuleni atumie wa kwanza, akienda uani atumie wa pili. Hapo jina limefanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na huo ndio utani wa kiwango cha juu katika fani hii.

Njia ya pili ni amri fupi na majibu ya kero za kila siku. "Nunua Yako", "Usiombe Password", "Bando Limeisha", "Kamuulize Mama". Majina haya yanachekesha kwa sababu kila aliyewahi kuwa na Wi-Fi katika jengo la wapangaji amegongewa mlango na mtoto aliyetumwa kuomba nywila. Hata hivyo utani huchakaa. Kibonzo cha gazeti hutupwa kesho yake, lakini jina la ruta hudumu miaka, maana kulibadilisha ni kuunganisha upya kila kifaa ndani ya nyumba. Aliyecheka Januari hatacheka tena Machi. Utani unaodumu ni ule wenye kazi nyingine pembeni, kama huo wa Haraka na Polepole.

Vijembe: ukoo wa kanga

Hapa ndipo pwani ya Afrika Mashariki ilipo na historia ndefu kuliko teknolojia yenyewe. Kwa zaidi ya karne moja kanga imebeba maneno, na maneno hayo, ambayo wenyewe huyaita jina la kanga, yamekuwa njia ya kusema yasiyosemeka kwa kinywa. Mwanamke huchagua kanga yenye fumbo, akaivaa siku ambayo mlengwa atakuwepo, na anayehusika anajua kwamba ni yeye. Akiuliza, ataambiwa hiyo ni nguo tu. Mipasho ya taarabu inafuata kanuni hiyohiyo: asitajwe mtu, lakini afike.

Jina la Wi-Fi la kijembe ni la ukoo huo. "Nawasikia Usiku", "Takataka Si Zangu", "Lipeni Mlinzi", "Hasidi Hana Sababu". Limerushwa kwa wote, halikumtaja mtu, na mwenye nalo anaweza kukana. Lakini tofauti kati yake na kanga ni kubwa, na ni tofauti hizo zinazolifanya jina la Wi-Fi kuwa silaha mbovu.

Kwanza, kanga ina mvaaji. Anayesema anaonekana, na uso wake ni sehemu ya ujumbe, kwa hiyo pana ujasiri na pana mpaka. Jina la mtandao halina uso, na kauli isiyo na uso huwa kali kuliko ambavyo mwenyewe angethubutu kusema mlangoni. Pili, kanga huvuliwa. Baada ya shughuli hukunjwa ikarudi sandukuni, lakini ruta haipumziki, na kijembe cha hasira ya Jumamosi kitakuwa bado hewani Ramadhani na Krismasi, hata baada ya wahusika kupatana. Tatu, kanga huchaguliwa kwa hadhira yake. Jina la mtandao husomwa na mtoto wa darasa la pili anayetafuta katuni, na mama mkwe aliyekuja kutembea.

La nne ni kwamba maficho yake ni ya uongo. Yeyote mwenye simu anaweza kutembea kwenye korido akitazama nguvu ya mawimbi inavyopanda na kushuka, na mbele ya mlango fulani itajaa. Aliyedhani amesema bila kujulikana amebandika kauli yake mlangoni pake. Ndipo vinapoanza vile vita vya majina, huyu akibadilisha na yule akijibu, na jengo zima likifuatilia. Inafurahisha kwa watazamaji, lakini muziki haupungui. Kundi la WhatsApp la wapangaji, pamoja na kelele zake zote, linampa mlengwa nafasi ya kujieleza. Jina la ruta halimpi.

Tangazo la hatua hamsini

Kanga ilifundisha na jambo jingine. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, limejulikana kwa kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla". Nguo moja ilibeba ujumbe wa mvaaji na alama ya mfanyabiashara. Jina la Wi-Fi nalo linaweza kuwa kibao cha biashara, na katika matumizi yote ya jina hili, hili ndilo linalodharauliwa zaidi na lenye faida ya kweli.

Siri yake ni umbali. Redio hufika mkoa mzima, na tangazo la mitandao ya kijamii huweza kumfikia mtu wa Toronto asiyeweza kununua. Jina la Wi-Fi huwafikia tu walio ndani ya makumi machache ya mita, yaani watu wanaoweza kuja kwa ndala. Kwa hiyo linafaa kwa bidhaa za jirani: vitumbua vya asubuhi, barafu, maziwa, ususi, ushonaji, masomo ya jioni. "Vitumbua Ghorofa ya 2" lina herufi 21 pamoja na mapengo na linajibu maswali mawili ya mteja, nini na wapi. Mwenye biashara ya aina hiyo hahitaji kutafuta kipaji cha utani. Jina wazi linauza kuliko jina la kuchekesha.

Namba ya simu nayo inaingia. Namba ya kawaida ina tarakimu kumi, hivyo zinabaki nafasi 22 za kutaja bidhaa na pengo la kutenganisha. Lakini simu nyingi hukata jina refu kwenye skrini, kwa hiyo anayeweka namba mwishoni anaweza kupoteza sehemu yake muhimu kuliko zote. Isitoshe, jina la Wi-Fi halibofyeki wala halitafutiki. Mteja lazima alisome, alikumbuke, kisha aandike namba mwenyewe. Ndiyo maana mahali huuza vizuri kuliko namba.

Kwa wengine mtandao wenyewe ndio bidhaa. Katika mitaa mingi ya Nairobi na miji mingine ya Kenya kuna wanaouza Wi-Fi kwa saa au kwa siku. Mteja huchagua jina kwenye orodha, ukurasa wa malipo hufunguka, analipa kwa M-Pesa na kuingia. Kwa biashara hiyo jina ndilo duka. Hakuna kibao kingine wala mlango, na washindani wamepangwa juu yake na chini yake katika orodha ileile. Jina lenye neno la bei au kasi humvuta mteja wa mara ya kwanza. Wa mara ya pili huvutwa na huduma ilivyokuwa. Ikumbukwe tu kwamba anayeuza huduma ya intaneti anahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano, na kutangaza biashara isiyo na leseni kwa jina linalorushwa mara kumi kwa sekunde ni kujichongea.

Mitandao ya umma nayo imejua thamani ya jina linaloshikika. Nakuru iliwahi kuwa na Wi-Fi ya mji iliyoitwa Bilawaya, na kampuni ya BRCK ya Nairobi iliita Moja huduma yake iliyopanda hadi kwenye matatu. Yote mawili ni ya Kiswahili, mafupi, na hata asiyesoma vizuri huyatambua.

Lakini mtandao wa bure wenye jina linalojulikana ni chambo. Simu hukumbuka mitandao iliyowahi kuunganishwa nayo, na ikikutana na mwingine wa wazi wenye jina lilelile hujiunga bila kuuliza. Mhalifu hutengeneza pacha: jina la mgahawa, vifaa vyake yeye. Mwaka 2024 polisi wa Australia walimshtaki mwanaume mmoja kwa madai ya kurusha mitandao ya bure ya bandia katika viwanja vya ndege na ndani ya ndege za ndani ya nchi ili kunasa nywila za watu. Jina ni dai tu, halithibitishi mmiliki. Mwenye mgahawa anayejali wateja wake ataandika jina halisi ukutani na kuweka nywila, hata kama nywila hiyo kila mtu anaijua.

Jina linapofika polisi

Kauli ya hadharani ina wajibu wa hadharani, na yapo mashauri yanayothibitisha. Mwaka 2016 mahakama ya Dijon, Ufaransa, ilimpa kijana wa miaka 18 kifungo cha nje cha miezi mitatu kwa kuuita mtandao wake "Daesh 21", jina la kundi la kigaidi likifuatwa na namba ya wilaya yake. Machi 2024, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moscow aliwekwa ndani siku 10 kwa kuuita mtandao wake kwa maneno ya kuitukuza Ukraine. Mashauri hayo mawili hayafanani kwa haki. La kwanza lilihusu kundi lililokuwa limemwaga damu Paris mwaka mmoja kabla, la pili lilihusu serikali isiyovumilia neno la upande wa pili wa vita vyake. Yanafanana kwa jambo moja: mahakama zote mbili zilikataa kuliona jina la ruta kuwa jambo la faragha.

Ndani ya ndege mambo huwa makali zaidi. Novemba 2017 ndege ya Turkish Airlines iliyotoka Nairobi kwenda Istanbul ilitua Khartoum baada ya kuonekana mtandao wenye jina lililosema kuna bomu ndani ya ndege. Abiria wakakaguliwa upya, bomu halikuwepo. Mwaka mmoja kabla, nchini Australia, ndege ya Qantas ya Melbourne kwenda Perth ilichelewa kwa sababu ya jina lililotaja kifaa cha kulipulia, na baadhi ya abiria wakakataa kusafiri. Jina ambalo nyumbani lingechekwa na kusahauliwa, hewani limegharimu mafuta, saa na hofu ya mamia ya watu. Maneno hayakubadilika. Wasomaji ndio waliobadilika.

Wapo pia waliosalitiwa na jina. Mwaka 2023 baadhi ya mabaharia waandamizi wa manowari ya Marekani USS Manchester walifunga kwa siri chombo cha Starlink. Mtandao wao ulionekana kwenye simu za mabaharia wengine kwa jina STINKY, maswali yakaanza, na wakaubadilisha uonekane kama printa. Siri ilikuja kufichuka hata hivyo. Aliyeficha chombo juu ya sitaha alisahau kwamba chombo chenyewe kinajitaja.

Kwetu, Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Zote mbili zinagusa taarifa za uongo na kusumbua watu kwa njia ya mtandao. Jina linalomtuhumu jirani kwa wizi au uzinzi, likitaja namba ya mlango wake, limeshavuka mpaka wa utani. Anayesema "ni jina la ruta tu" atakuwa anajitetea kwa hoja ambayo Dijon haikuikubali.

Faragha na majina yasiyo na busara

Hatari ya kila siku haiko kwa polisi, iko kwa watu wanaosoma kimya. Jina la ukoo likifuatwa na namba ya nyumba linamwambia mgeni asiyealikwa nani anaishi wapi. Anayeuita mtandao wake kwa jina la chombo cha thamani alichonunua ametangaza orodha ya mali yake. Hata hotspoti ya simu, ambayo mara nyingi hubeba jina la mmiliki, humtambulisha msichana ndani ya basi kwa watu ambao hakupenda wamjue.

Kuna pia ramani. Kampuni za teknolojia hukusanya mahali zilipo ruta ili simu zijue zilipo hata pasipo setilaiti. Mwaka 2011, baada ya mabishano Ulaya kuhusu faragha, Google ilitangaza kwamba ruta ambayo jina lake linaishia kwa "_nomap" haitaingizwa. Microsoft nayo inatambua "_optout". Herufi sita au saba kati ya 32 ni bei ndogo kwa anayeijali faragha yake, ingawa si haki kwamba mwenye nyumba ndiye anayelazimika kuandika kibao cha "sitaki".

Wengine huamua kuficha jina kabisa. Ruta nyingi zina kitufe hicho, lakini hakisaidii wengi wanavyodhani. Mtandao uliofichwa bado unagundulika kwa vifaa vya kawaida, na simu iliyouzoea hulazimika kuuita kwa jina kila mahali inapokwenda ili kuutafuta. Uliyetaka kunyamaza nyumbani sasa simu yako inaropoka sokoni.

Na kuna ajali za kiufundi. Mwaka 2021 mtafiti Carl Schou aligundua kwamba iPhone ikijiunga na mtandao wenye jina la alama za asilimia zilizopangwa kwa namna fulani, Wi-Fi ya simu hiyo huzimika mpaka mipangilio ya mtandao ifutwe. Apple ilirekebisha baadaye, na somo likabaki: kwenye jina tumia herufi na tarakimu za kawaida. Vifaa vya bei nafuu, kama kamera na balbu za Wi-Fi, navyo hushindwa mara nyingi na emoji na alama za ajabu.

Uamuzi

Tukiyaweka yote kwenye mizani, jina zuri la Wi-Fi ya nyumbani lina sifa chache. Si la kiwandani, kwa sababu za usalama. Halimtaji mtu, ukoo wala mlango, isipokuwa kwa biashara inayotaka kufikiwa. Ni fupi kiasi cha kuonekana lote kwenye skrini. Likiwa la utani, lina pia kazi ya kumwelekeza mgeni. Likiwa la tangazo, linasema nini na wapi bila mapambo. Kijembe kiachiwe kanga, ambayo ina mvaaji wa kukiwajibikia. Siasa iwekwe pale ambapo mtu yuko tayari kuisimamia kwa jina lake mwenyewe.

Kiswahili kina utajiri wa methali, mafumbo na misemo mifupi inayotosha ndani ya herufi 32, na ni aibu orodha zetu kujaa namba za viwandani na utani wa kukopa. Basi ingia kwenye mipangilio ya ruta yako ulitazame jina lililopo. Kama huwezi kulisoma kwa sauti mbele ya jirani, mwenyekiti wa mtaa na mtoto wa miaka saba, libadilishe leo, na ukiwa hapohapo, badilisha na nywila.